Kache kubwa au SSD: pesa ziende wapi?

SWALI: Fundi, habari ya kazi? Laptopu yangu ni Core i5 ya GHz 2.3, kache MB 3, RAM GB 8, na diski ile ya kuzunguka ya GB 500. Kuwaka tu, chai inaisha kikombeni. Muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue ananiambia niiuze, niongeze pesa, nichukue i7 yenye kache MB 4. Jirani yake anasema niweke SSD tu. Kwani kache na SSD si kitu kimoja? Nimsikize nani? – Msomaji, Umoja

JIBU: Msikize huyo jirani. Wa kwanza anauza laptopu, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kache imo ndani ya prosesa yenyewe, wala hakuna fundi wa kukuongezea. Hushika data ambayo prosesa inairudia kila mara ili isiiendee RAM, kumbukumbu ya kazi iliyo nje ya prosesa. Ina ngazi tatu, na zile MB 3 zako ni za L3, yaani ngazi ya tatu. Ukizima mashine, kilichomo hufutika. SSD ni ghala: Windows na faili zako hukaa humo umeme uwepo usiwepo. MB 1 zaidi ya kache hutaihisi.

Kinachokuchelewesha ni diski. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kichwa cha kusomea kisogee, kisha kingoje data ifike chini yake. Milisekunde 10 zimekwisha, na prosesa yako ya GHz 2.3, yaani mapigo bilioni 2.3 kwa sekunde, imepoteza mapigo milioni 23 ikisubiri faili moja. Windows inapowaka inasoma maelfu ya faili ndogo ndogo. SSD haina kinachozunguka, hujibu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja mashine ikikwama, ufungue Task Manager, dirisha la kuonyesha shughuli za mashine: mara nyingi utaona diski iko kwenye asilimia 100 huku prosesa imepumzika.

Nunua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, kiungio kilekile cha diski yako, inaingia palepale ilipotoka diski. Kasi yake inafika kama MB 550 kwa sekunde. Zile za NVMe, aina ya kasi zaidi inayochomekwa kwenye nafasi ndogo iitwayo M.2, nyingi hupita 3,000, lakini nafasi hiyo kwenye laptopu nyingine hukubali SATA pekee, kwa hivyo usilipe kabla fundi hajaifungua na kuangalia. SSD nyingi za bei ya chini hazina kache yao wenyewe ya DRAM (chipu ya kumbukumbu ya haraka) na hupungua mwendo ukinakili video kubwa. Kwa kuandika na kuvinjari, usijali.

Jambo moja: diski ya zamani mara nyingi hugongagonga kabla ya kufa, SSD inaweza kwenda bila hodi, na faili ulizofuta humo ni vigumu mno kurudishwa. Ile diski yako usiitupe. Itie kwenye kasha la USB, uwe unanakili kazi zako humo kila wiki.