Kajiko ka alukoli: angalia mafuta kwanza, jiko itafuata

*Wasomaji wanauliza, tunajibu*

Jambo Yaya. Niko mutu wa Kampemba, hapa Lubumbashi, mwezi wa saba tunapenda kwenda na barafiki babili kuangalia maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, tutalala mausiku mbili. Kubeba mbabula na makala ku mugongo haiwezekane. Shemeki yangu alirudia Afrika ya Kusini na kajiko ka alukoli, kanaenea mu mukono, njo kalinipatia hamu. Ninunue ya vile, ao naweza kutengeneza ya mukebe? Na alukoli ya farumasi itawaka?

Ndugu yangu wa Kampemba, asante sana kwa barua, na swali yako ya mwisho njo ilipaswa kuwa ya kwanza. Watu wengi wanazunguka wakitafuta jiko gani nzuri, wanauliza huku na huku, alafu siku ya safari wanapita kwenye farumasi ya kwanza njiani na kununua alukoli yoyote. Ugeuze. Jiko hizi zote kazi yao ni moja: kikombe ya chuma, unamimina alukoli, unawasha, chuma ikipata moto alukoli inatoa mvuke na mvuke ule njo unawaka. Hakuna pampu, hakuna kitu ya kuziba ao kuvunjika. Sasa kama jiko yenyewe haina siri, inabaki mafuta na upepo.

Unatafuta ethanoli, njo alukoli ya kawaida, ya digrii 90 kuendelea, maana yake sehemu 90 kwa 100 ni alukoli, inabaki maji. Ile ya 70 ni ya vidonda, karibu sehemu moja kwa tatu ni maji, itawaka ndiyo lakini moto ni legelege na itazimika chai haijachemka. Usiamini etiketi peke yake. Mwaka jana nilinunua chupa moja imeandikwa 90, muuzaji anaapa, nikafika nyumbani nikafanya vile ninafanya siku zote: kijiko moja ya alukoli kwenye sahani ya chuma, inje kwenye kiwanja, nawasha, naacha mpaka inazimika yenyewe. Alukoli nzuri inaacha unyevu kidogo tu chini ya sahani. Ile yangu iliacha kidimbwi, naona kabisa maji inacheza nikiinamisha sahani. Ningeenda nayo porini tungekunywa unga baridi siku mbili.

Na kitu kingine, hii nakuomba uishike sana: metanoli, alukoli ya aina ingine, uache. Inawaka vizuri kabisa, moto safi, lakini ni sumu, mutu akiinywa hata kidogo inaweza kumupofusha macho ao kumuua, na inaingia hata kwa ngozi na kwa kupumua mvuke. Pua haiwezi kukuonyesha tofauti na rangi ya moto pia haiwezi. Kwa hiyo chupa iliyofungwa, yenye jina ya dawa juu yake, kutoka farumasi unayoijua, siyo ile ya kupimiwa kwenye bidoni isiyo na jina. Ukiona imeandikwa isopropanoli, alukoli ya tatu, hiyo haina hatari ileile, lakini itapaka sufuria yako masizi meusi yasiyotoka.

Sasa kununua ao kutengeneza. Ya kununua inayojulikana sana ni Trangia ya Uswidi, ni ya shaba ya njano, iko na kifuniko ya kufunga kwa kuzungusha na kingine ya kupunguza moto, uzito karibu gramu 100, inaishi miaka na miaka. Kama shemeki anakuazima, chukua. Kama hakuna, mukebe inatosha na itakuwa hata nyepesi zaidi. Tafuta mukebe mufupi wa samaki ao wa nyanya, upana sentimita 6 mpaka 8, kimo kama 4. Uoshe, chini ya mdomo utoboe matundu na musumari munene, mistari mbili kuzunguka mukebe wote, matundu 15 ao 16 kila mstari, yasigusane. Toboa ukiwa umeweka kipande ya mti ndani, la sivyo mukebe unabonyea. Unamimina, unawasha, unangojea nusu dakika ivi mpaka alukoli inaanza kuchemka ndani, kiisha unakalisha sufuria palepale juu ya mdomo. Moto utakosa njia ya juu na utatoka kwa matundu pembeni, sa maua ya bleu. Ukikalisha sufuria haraka sana, moto unakufa, unaanza tena.

Usisahau ukuta wa upepo. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni uikunje mara tatu ine, izunguke sufuria kwa nafasi ya kidole moja, na chini uache matundu ya hewa. Bila ukuta huu utamaliza alukoli mara mbili, na pale juu ya plato ya Kundelungu upepo hauna huruma.

Hesabu: nusu lita ya maji inakula karibu mililita 20 na dakika 7 ao 8 kama upepo umezuiwa. Nyinyi watatu, tuseme lita moja na nusu asubuhi na vile vile mangaribi, mara ine kwa safari yote, ni lita 6, ni mililita 240. Ongeza ya upepo na ya kumwagika, beba 350. Juu ya mugongo ni kama gramu 280, na kila siku inapungua, linganisha na makala.

Lakini bukari (ugali) usahau. Bukari inataka moto mrefu na mukono wa nguvu kwenye mwiko, na sufuria iliyokaa juu ya mukebe mudogo vile itaanguka ukisonga mara ya kwanza tu. Beba uji, tambi, chai, na ndakala, samaki ndogo-ndogo, zilizokaangwa nyumbani.

Mwezi wa saba usiku ni baridi kabisa kule, na ethanoli ikipoa chini ya joto ya digrii 13 ivi inashika moto wa kiberiti kwa shida, watu wanafikiri wameibiwa. Tia chupa ndani ya koti nusu saa kabla ya kupika.

Naingia sasa kwenye kitu kinaniumiza roho. Mchana, kwenye jua, moto wa alukoli hauonekani. Hauoni kitu. Niliona kijana moja, mupishi muzuri tu, anasema jiko imezimika, anainamisha chupa kuongeza, na moto ukapanda kwa mkondo wa alukoli mpaka kwenye mukono wake. Alipona, lakini alama iko. Usiongeze kamwe jiko ikiwa na moto ao ikiwa bado ya moto. Pitisha mukono juu sana, usikie joto, ngojea chuma ipoe mpaka unaweza kuishika, njo umimine, na chupa iende mbali imefungwa kabla ya kuwasha kiberiti. Na mwezi wa saba majani ya kule ni makavu sa karatasi, mukebe ukipinduka alukoli inatembea na moto wake. Palilia mpaka udongo mutupu, hatua mbili kila upande, kalisha jiko juu ya jiwe ya sawasawa, na lita moja ya maji karibu, sababu alukoli inachanganyika na maji na maji inauzima, tofauti na mafuta ya taa. Kundelungu ni parki ya taifa tangu 1970, uulize kwanza watu wa ICCN, njo shirika ya serikali inayolinda maparki, pahali gani wanaruhusu moto.

Yaya, hapa kwetu Katuba alukoli ya farumasi ni bei, lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, iko kila pahali. Haiwezi kusaidia? Ao esansi (petroli) kidogo?

Mama, esansi hapana, wala mafuta ya taa. Mukebe wazi na esansi ni mulipuko, usijaribu hata kwa kuona tu. Lutuku, ile inayotoka kwanza ni kali na inaweza kuwaka, lakini kila mupishi na yake, leo inawaka kesho inazimika, na haujue ni nini imo ndani. Ufanye mtihani wa sahani utaona mwenyewe kidimbwi kinachobaki. Kama bei ni shida, mugawane chupa moja watu watatu.

Tukinyeshewa, tunaweza kupikia ndani ya tenti?

Hapana. Moto unakula hewa na kutoa gazi isiyo na harufu inayoua mutu akiwa usingizini, na kitambaa ya tenti inashika moto mbio sana. Pika chini ya turubai iliyo wazi pande zote, na kama mvua inapiga upande upande, kuleni mikate na ndakala, chai itakuja asubuhi.