Vitufe vya mita ya zamani: safisha kwanza, nakili kabla havijafa

Vifaa vingi vya kupimia umeme vya miaka ya 1980 na 1990 hutupwa vikiwa bado vinapima sawasawa. Kilichokufa ni kitufe. Skrini inawaka, namba zinaonekana, lakini ukibonyeza hakuna kinachobadilika, na mwenye mali anaamua kuwa mita imekwisha. Mafundi wenzangu, hasa nyie vijana mnaonunua vifaa vya mtumba, msikubali hukumu hiyo haraka. Chukua mita ya mezani ya kampuni ya HP, modeli 34401A, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inasoma tarakimu sita na nusu (sita kamili, na moja ya mbele isiyofika tisa), jambo ambalo mita mpya ya bei ndogo hailikaribii. Lakini ikipoteza kitufe cha Shift peke yake, hupimi tena mkondo wa umeme, hupimi ukinzani kwa nyaya nne, wala huingii kwenye menyu, kwa sababu vyote hivyo vinaanza kwa kubonyeza Shift.

Chini ya kitufe cha raba ya silikoni kuna kidonge cheusi chenye kaboni. Kwenye bodi, mkabala nacho, kuna njia mbili za shaba zilizoingiliana kama meno ya vitana viwili, zimepakwa dhahabu au kaboni. Ukibonyeza, kidonge kinaziunganisha. Prosesa, yaani chipu inayoongoza mita, huona nini? Tuseme laini ya kusomea imevutwa hadi volti 5 kupitia rezista ya kilo-omu 10. Kidonge kizima cha omu 200 kitaishusha hadi takriban volti 0.1, na prosesa itajua umebonyeza. Kidonge kikichoka na kufika kilo-omu 10, laini inabaki volti 2.5, katikati ya ndiyo na hapana. Ndiyo maana vitufe hivi havifi ghafla. Huanza kwa kudai ubonyeze kwa nguvu, kisha mara mbili mbili, kisha kimya.

Adui mkubwa ni mafuta. Silikoni hutoa mafuta yake polepole mwaka hadi mwaka, yanajenga utando usiopitisha umeme juu ya kidonge na juu ya bodi. Ongeza jasho la vidole, vumbi, na kwa sisi wa pwani hewa yenye chumvi.

Kabla ya kununua au kusafisha chochote, tafuta sehemu iliyoharibika: raba, uchafu au saketi. Toa waya zote za vipimo kwenye soketi za mbele. Ukiwa na kifaa kilicho wazi na kimewashwa, gusisha kwa kibanio chembamba njia mbili za kitufe kisichofanya kazi. Kifaa kikiitikia, saketi ni nzima na tatizo ni raba au uchafu. Kisipoitikia, fuata njia za bodi hadi kwenye waya bapa na soketi yake. Vitufe vya safu nzima vikifa pamoja, raba haihusiki, kuna laini moja imekatika. Uwe mwangalifu sana hapa: katika vifaa vingi vya zamani swichi kuu yenye umeme wa volti 230 iko nyuma ya paneli ileile ya mbele. Ifunike vizuri kabla ya kuwasha, na fanya kazi kwa mkono mmoja.

Onyo jingine kwa wenye HP 3478A. Mita hiyo huhifadhi kalibresheni yake, yaani namba za kusahihisha vipimo, kwenye memori inayolindwa na betri ya lithiamu. Ukiing'oa betri ili upate nafasi ya kufikia paneli, umefuta kalibresheni yote. Iache betri mahali pake.

Kusafisha ni kazi ya upole. Raba ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, isuuze, iache ikauke kabisa. Bodi ifute kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99 na kijiti cha pamba. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ina maji mengi, na nyingine huacha mafuta, yaani unarudisha kilekile ulichotaka kuondoa. Usiguse dhahabu kwa msasa wala kifutio kigumu. Tabaka lile ni jembamba mno, na likiondoka shaba iliyo chini yake itaanza kuoza. Vidonge navyo usivisugue kwa alkoholi: baadhi vimepakwa kaboni juu juu tu na utaiondoa yote kwa mkupuo mmoja. Pima baadaye kwa mita nyingine, kitufe kikiwa kimebonyezwa juu ya bodi. Ukipata omu mia moja au mia mbili, funga kazi.

Kidonge kikikataa hata baada ya kuoshwa, kuna vidonge vya kubandika vinavyouzwa kwa ajili ya rimoti. Bandika kwa gundi ya silikoni, kwa kuwa supagluu haishiki silikoni. Lakini silikoni ya dukani inayonuka siki iache kabisa. Harufu ile ni asidi inayotoka wakati inakauka, na asidi hiyo hula shaba ya bodi. Tafuta isiyo na harufu ya siki. Sishauri karatasi ya alumini, ingawa mafundi wengi huitumia: alumini hujenga kutu yake nyembamba isiyopitisha umeme, na kingo zake hukwaruza dhahabu.

Raba ikiwa imepasuka, sasa ndipo kazi ya kunakili inaanza. Kwanza tafuta spea kwa majina yote. Vifaa vya kupimia vya HP vilihamia Agilent mwaka 1999, kisha Keysight mwaka 2014, na 34401A iliuzwa chini ya majina yote matatu. Namba ya spea iko kwenye kitabu cha matengenezo.

Ukikosa, mimina raba yako mwenyewe. Vitufe vya silikoni kwa kawaida huwa na ugumu kati ya 40 na 70 kwenye kipimo cha Shore A, kwa hiyo nunua silikoni ya sehemu mbili, ile unayochanganya ili igande, iliyo ndani ya kiwango hicho. Sehemu inayosumbua kutengeneza ni ule ukuta mwembamba ulioinama unaozunguka kitufe, kwa sababu ndio unaoleta ule mbonyeo wa ghafla unaouhisi kidoleni. Ukizidi unene, kitufe kinakuwa kizito. Kiputo kimoja cha hewa ndani yake, ukuta utapasuka. Kama kalibu unayomiminia nayo ni ya silikoni, paka vaselini nyembamba mno, la sivyo vitagandana milele. Na silikoni inayogandishwa kwa platinamu hukataa kukauka ikigusa salfa, iliyomo kwenye baadhi ya udongo wa kufinyangia, au resini ya printa ya 3D ambayo haijakomaa. Jaribu kipande kidogo kwanza.

Njia ya pili ni bodi mpya yenye swichi ndogo za milimita 6 kwa 6, na vifuniko vilivyochapishwa kwa printa ya 3D. Inadumu na ni rahisi zaidi, lakini mguso wake si ule wa asili. Kwangu mimi raba iliyookolewa ina thamani kubwa kuliko hiyo, na ningeiendea njia hii pale tu raba imeshindikana kabisa.

Maandishi nayo yana mambo yake. Vitufe vya kikokotoo cha HP-35 cha mwaka 1972 vilimiminwa kwa plastiki za rangi mbili, herufi zikapenya hadi ndani, hazifutiki. Vitufe vya raba vya baadaye vingi vimechapwa wino juu tu, na alkoholi huweza kuuchukua. Jaribu pembeni.

Kwa hiyo ukifungua kifaa chochote ambacho vitufe vyake bado ni vizima, usikifunge hivihivi. Laza raba kwenye skana pamoja na rula, skani pande zote mbili kwa dpi 600. Pima kwa kalipa urefu wa kitufe, unene wa ukingo, kipenyo cha kidonge na umbali kati ya kitufe na kitufe. Piga picha ya bodi, andika ukinzani wa kila kitufe, kisha hifadhi vyote kwenye faili lenye jina la modeli na uwape mafundi wengine wanaoihitaji.