Maswali ya Wasomaji: Tulibadili mandhari ya tovuti ya shule, kurasa zikajaa mabano

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari ya bweni, Manispaa ya Tabora. Tovuti yetu ya WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, ilitengenezwa na fundi ambaye sasa hapatikani. Inafunguka polepole mno, na wazazi walioko Sikonge na Kaliua wanalalamika kwamba inawamalizia bando. Mkuu wa shule aliagiza ibadilishwe sura kabla wanafunzi wa kidato cha tano hawajaanza kupakua fomu za kujiunga. Nilipoweka mandhari mpya, picha zilizokuwa zikipishana kwenye ukurasa wa mwanzo zilitoweka, na kurasa nyingi zimejaa mabano ya mraba yenye maneno nisiyoyaelewa. Je, maandishi yetu yamepotea? Na kati ya programu-jalizi (plugins, yaani programu ndogo zinazoongeza kazi kwenye tovuti) zaidi ya ishirini nilizozikuta, zipi nizifute?

Jibu: Hayajapotea, Mwalimu. Katika WordPress, maandishi ya kurasa na matangazo hukaa kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, na kazi ya mandhari (theme) ni kuamua yaonekane vipi. Mabano hayo ni misimbo mifupi, yaani maagizo ambayo mandhari ya zamani, au programu-jalizi iliyofuatana nayo, ilikuwa ikiyasoma na kuyageuza kuwa safu, vitufe na picha zinazopishana. Sasa hakuna wa kuyasoma, ndiyo maana yamebaki wazi mbele ya wageni. Irudishe mandhari ya zamani kwa muda ili fomu zipatikane, kisha uhamishe maandishi, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kwenye bloku za kawaida, yaani vipande kama aya, picha au orodha, za kihariri kilichomo ndani ya WordPress yenyewe tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018. Kazi hiyo inachosha, na sijui njia ya mkato inayofaa. Faida yake ni kwamba siku mtakapobadili tena mandhari, fomu, orodha ya mahitaji, tarehe ya kufungua shule na namba ya simu ya ofisi vitabaki vinasomeka. Mambo hayo ambayo mzazi anayafuata hayapaswi kabisa kufungwa ndani ya pambo la mandhari, hata kama pambo lenyewe linampendeza mkuu wa shule.

Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala rudufu ya vitu viwili kwa pamoja, yaani mafaili na hifadhidata, kwa kuwa kimoja bila kingine hakiirudishi tovuti. Programu-jalizi kama UpdraftPlus hufanya kazi hiyo, ila nakala isibaki kwenye seva ileile inayobeba tovuti.

Kuhusu programu-jalizi, idadi peke yake haisemi mengi. Tazama kila moja inafanya kazi gani na nani anaitunza. Mara nyingi utakuta mbili au tatu zinazofanya kazi moja, kwa mfano za fomu ya mawasiliano. Fungua pia ukurasa wa kila moja katika hazina ya WordPress, yaani orodha yake rasmi ya programu-jalizi mtandaoni, kwa sababu programu-jalizi ambayo haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya mwisho huwekewa onyo pale juu. Zima moja, kagua tovuti kwa simu na kwa kompyuta, ndipo uende kwenye nyingine. Ukiridhika kwamba haihitajiki, ifute kabisa, maana programu-jalizi iliyozimwa bado ina mafaili kwenye seva, na mafaili yenye kasoro huweza kutumiwa na wavamizi. Ikitokea umezima au umesasisha kitu na ukashindwa kuingia, tumia kidhibiti cha mafaili cha kampuni inayohifadhi tovuti, ubadili jina la folda ya programu-jalizi husika iliyo ndani ya wp-content/plugins. WordPress itaizima yenyewe.

Kagua pia anwani ya baruapepe ya msimamizi katika mipangilio. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, hitilafu kubwa ikitokea, WordPress hutuma kwa anwani hiyo kiungo cha kuingilia kwa dharura, na nina wasiwasi kwamba kwenu bado kinakwenda kwa fundi.

Ikiwa mandhari ya zamani ni ya kulipia na shule haina risiti wala akaunti yake, ichukulie kuwa ni nakala ya magendo na uiondoe mara tu utakapomaliza kuhamisha kurasa. Nakala za namna hiyo mara nyingi hufichwa msimbo unaomfungulia mtu mwingine mlango, nazo hazipati masasisho.

Picha zinazopishana zisirudi. Ndizo zinazokula bando la wazazi, hasa zikipakiwa kama zilivyotoka kwenye kamera ya simu. Weka picha moja iliyopunguzwa upana hadi pikseli 1,600 hivi, na ikiwa ina sura za wanafunzi, hakikisha wazazi wao wameridhia kwa maandishi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiachi shule kando.

Swali: Walimu wangu hapa Kasulu hawakipendi kihariri cha bloku. Wanaandika matangazo kwenye Word, wakiyabandika yanatoka na fonti mchanganyiko. Nifanye nini? — Mkuu wa shule, Kigoma.

Jibu: Mnaweza kusakinisha programu-jalizi ya Classic Editor, inayorudisha kihariri cha zamani, ingawa mimi ningewashauri mzoee bloku, kwa kuwa mandhari nyingi mpya zimejengwa juu yake. Fonti mchanganyiko huzuiwa kwa kubandika kwa Ctrl, Shift na V kwa pamoja, ili maandishi yaingie bila mapambo ya Word. Tena, Mkuu, msiwape walimu wote nenosiri la msimamizi. Kila mmoja afunguliwe akaunti ya ngazi ya mchangiaji, ambayo humruhusu kuandika rasimu bila kuichapisha, na mwalimu mmoja apewe ngazi ya mhariri ili asome na kuchapisha.