Kaka kakamatwa, nianzie wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Juzi usiku kaka yangu kaja kuchukuliwa nyumbani, watu wanne, wawili hata yunifomu hawana, hakuna aliyetuambia wanampeleka wapi, mama presha ikapanda hapo hapo. Nimezunguka vituo viwili ndo nikampata, askari akaniachia niongee naye dakika mbili nikamuuliza kwani kweli uliichukua ile laptopu, akaanza kulia. Sasa leo asubuhi kuna mtu kanipigia anasema yeye ni afande wa zamu, nitume hela kwa namba yake kaka atoke leo leo. Nitume?

JIBU: Usitume hata senti mdogo wangu. Pole sana, na mama mpe pole, ila hiyo simu ikate. Dhamana hailipwi kwa namba ya mtu binafsi, na popote pale penye malipo halali unapewa risiti yenye jina la mshtakiwa. Nikuulize kitu, ulishaweka stetasi ya "tumuombee kaka yetu"? Mara nyingi hapo ndo matapeli wanapookota jina, kituo na namba ya simu. Itoe.

Ila kilichonishtua zaidi ni lile swali la laptopu, maana pale ulipouliza askari alikuwa kasimama pembeni anasikia, na simu za mahabusu sehemu nyingi zinarekodiwa. Anachomwambia wakili wake ni siri yao wawili, anachokwambia wewe siyo, kesho kutwa unaweza kuitwa wewe mwenyewe kutoa ushahidi dhidi ya kaka yako na hapo utasema nini? Nimeona ndugu wengi wanaharibu kesi kuliko hata polisi, tena kwa upendo tu. Ukipata tena dakika mbili muulize umeumia, umekula, dawa unatumia, umesaini karatasi yoyote? Halafu mwambie ataje jina lake na asiwe mkorofi, mengine asubiri wakili. Haki ya kukaa kimya siyo ya kwenye sinema, Kenya iko kwenye katiba ibara ya 49, Marekani polisi wanatakiwa kumsomea mtu kabla ya kumhoji tangu kesi ya Miranda mwaka 1966. Ila sheria hazifanani, Uingereza kwa mfano ukinyamaza kitu halafu ukaja kukitegemea mahakamani kinaweza kukudhuru, ndo maana nasema wakili kwanza. Kama hela ya wakili hamna, ulizia msaada wa kisheria wa bure, chama cha mawakili huwa wanajua nani anatoa.

Chukua daftari. Andika saa aliyokamatwa, namba ya gari kama mliiona, kituo, jina la askari anayepeleleza, kosa wanalosema. Saa ni muhimu kwa sababu inahesabiwa: Kenya anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, zikiishia nje ya muda wa mahakama inasogea hadi siku ya kazi inayofuata, Uganda ni saa 48. We wa kwako kachukuliwa juzi, kwa hiyo ulizia leo wakili wa huko kwenu ukomo ni saa ngapi. Kaunta usipige kelele, najua inauma, uliza taratibu kosa ni lipi, dhamana ya polisi ipo, lini anapelekwa mahakamani. Wakikwambia hayupo na wewe umemwona kwa macho yako, wakili anaweza kuomba mahakama itoe amri aletwe mbele ya jaji.

Vitu vya kumpelekea viulize kwanza. Mimi niliwahi kumpelekea binamu yangu sweta, lina kofia na ile kamba ya kuvuta, afande akaligeuza akasema kamba haiingii, basi nikasimama pale kaunta naivuta kwa meno fundo limegoma kupita tundu, foleni nzima inanisubiri mimi. Kamba za viatu na mkanda ni hivyo hivyo. Dawa peleka kwenye boksi lake lenye maelekezo pamoja na cheti cha daktari, vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi watavikataa.

Simu yake iliyobaki nyumbani usifute chochote, hata picha moja, hiyo inaweza kuwa kesi nyingine na safari hii ni yako. Mwenye laptopu pia usimpigie kumbembeleza, mkitaka kuyamaliza apite wakili, vinginevyo mtaambiwa mnatisha shahidi.

Na kuhusu kuwa mdhamini, soma kabla ya kusaini. Unaahidi kwamba atatokea kila tarehe, akitoroka hela au mali uliyoweka inaweza kwenda. Kama ni mtu ambaye huwezi kumgongea mlango asubuhi ya kesi, mwachie ndugu mwingine asaini.

SWALI: Mume wangu kakamatwa nje ya nchi, ubalozi wanaweza kumtoa?

JIBU: Kumtoa hapana mama, na wala siyo mawakili wake. Wanachoweza ni kumtembelea, kukupa orodha ya mawakili, na kufuatilia kama anatendewa vizuri. Kuna Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, ibara ya 36 inasema polisi wamwambie kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe, ila kwa kawaida aombe yeye, kwa hiyo ukimpata mwambie alitamke hilo neno, "ubalozi". Wewe nawe wapigie, uwe na namba ya pasipoti yake mkononi. Isipokuwa kama huko aliko aliomba hifadhi kwa kuikimbia serikali ya kwenu, hapo usipige simu yoyote kabla hujaongea na wakili wake.