Mpira wa turbo haukaguliwi kwa macho

Msimu mmoja wa korosho dereva aliniletea lori gereji kwangu, Mtwara mjini. Alikuwa amepakia saruji ya kupeleka Newala, akishusha arudi na korosho. "Fundi, hebu nichekie mpira wa turbo kabla sijaanza kupanda." Ndilo bomba la mpira linalopitisha upepo ambao turbo inausukumia injini. Nikaupangusa kwa tambara. Silikoni ya bluu, inang'aa, haina ufa hata mmoja. Nikamwambia, "Mzima huu, kaka. Nenda salama."

Ukapasuka mlimani. Moshi mweusi, nguvu hakuna, akalala porini na mzigo wa watu. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Aliponiletea ule mpira nikauchana kwa wembe. Nje ulikuwa laini bado. Ndani, unakopita upepo wa moto kutoka kwenye turbo, ulikuwa mgumu. Nilipoukunja kwa kidole gumba ukatoa nyufa kama tope la jaruba lililokauka. Nikavuta nyuzi za kitambaa cha katikati, zikakatika kwa vidole viwili tu.

Mpira ule si silikoni tupu. Ni silikoni iliyoshikana na matabaka ya kitambaa, na ndani yake umo unga wa silika, madini yale ya mchanga, wa kuipa nguvu. Silikoni huvumilia joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi kwa muda mrefu, mahali ambapo mpira wa kawaida ungekwisha mapema sana. Lakini kuvumilia si kutozeeka. Joto likikutana na oksijeni, minyororo ya molekuli za silikoni hufungana yenyewe kwa yenyewe, na kila kifungo kinachoongezeka kinaupunguzia mpira mnyumbuko. Rangi inaweza isibadilike kabisa. Kitambaa kikiwa cha poliesta ndicho huwahi kuchoka. Cha aramidi, nyuzi imara za kiwandani, huvumilia zaidi, kwa hiyo dukani ulizia kitambaa, usiulizie rangi. Kuna kadirio la mafundi kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa mpira hupungua karibu nusu. Ni kadirio tu, lakini linaeleza kwa nini lori la kupanda milima na mzigo humaliza mpira haraka kuliko la kuzunguka mjini.

Siku hizi nasubiri injini ipoe, nalegeza klipu ya upande wa turbo, naingiza kidole na kuukunja mdomo wa mpira. Ukirudi upesi, sawa. Ukiwa mkavu kama gome, au pale klipu ilipobana pamebaki bonde lisilojaa, nautoa bila kubishana. Nikikuta oili nyingi ndani, kwanza natafuta turbo inavuja wapi, maana silikoni ya kawaida ikilowa oili huvimba na kulegea, na mpira mpya utafuata njia ileile. Ndiyo maana ipo mipira yenye bitana ya fluorosilikoni, aina ya silikoni inayostahimili oili. Bei yake iko juu, ila kwa lori la safari ndefu mimi ndiyo ninayoshauri.

Wateja wangu nawaita Septemba, kabla minada ya korosho haijaanza, lori likiwa bado lina nafasi ya kulala gereji siku moja.