Kitenge kimelowa, mbona kinavutika kama mpira?

SWALI: Natengeneza katuni ya mama anayefua kitenge ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwa programu ya Blender. Kikiwa kikavu kinapepea vizuri. Kukilowesha ndiko kumenishinda: niliongeza uvutano mara mbili, kikaanguka kama jiwe, nikaongeza uzito, kikavutika kama mpira. Nifanyeje?
Msomaji, Himbi, Goma

JIBU: Ndugu yetu, uvutano urudishe 9.81. Maji hayagusi uvutano wa dunia. Yanaongeza uzito wa kitambaa, na kitambaa kizito hakisumbuliwi sana na hewa.

Anza na mizani. Pima kitenge kikavu, kiloweshe, kikamue kama huyo mama anavyokikamua, kisha pima tena. Tuseme gramu 600 zimekuwa 1,500: ni mara 2.5. Blender huanza na uzito wa 0.3 kwa kila nukta ya wavu (nukta zilizounganishwa zinazounda umbo la kitambaa), basi weka 0.75. Ulipokwama ni hapa: ugumu wa kuvutika ulibaki 15, na kitambaa kinachoning'inia hurefuka kadiri uzito unavyouzidi ugumu huo. Uzidishe nao kwa 2.5, uwe 37.5, na ule wa kubanwa vilevile. Ugumu wa kupinda uache kwenye 0.5. Ukiupandisha pia, kitenge kitaning'inia na mikunjo ileile ya kikavu, na mtazamaji hatasadiki kwamba kimelowa.

Kushikana ni kazi ngumu zaidi. Utando wa maji huvuta tabaka mbili za kitambaa pamoja, na Blender haipigi hesabu hiyo kwenye nguo. Washa mgongano wa kitambaa na kitambaa chenyewe, pandisha msuguano wake, kisha upe mkono wa mama uga wa nguvu wenye thamani hasi, yaani unaovuta kitambaa badala ya kukisukuma, usiofika zaidi ya sentimita 2 kutoka kwenye ngozi. Hatua za hesabu kwa kila fremu (picha moja ya katuni) zitoe kwenye 5 uzifikishe 10 hivi, la sivyo mikunjo itapenyana. Na matokeo yahifadhi kwenye diski: umeme ukikatika katikati, fremu zilizokwisha zinabaki.

Rangi usiisahau. Maji yakijaza nafasi za hewa kati ya nyuzi, mwanga hausambai tena kama mwanzo. Unazama ndani na kumezwa, ndiyo maana pamba iliyolowa huiva rangi. Tia giza, punguza ukwaruzo wa uso. Lakini usipake sawasawa: toa kitenge kwenye beseni, kitundike, tazama pindo la chini. Maji yote hushukia huko, matone yanajipanga kwenye ushono, na sehemu ya juu imeanza kupauka wakati pindo bado linadondosha.