Mbio za Safari nilizoziona: jibu la mtu wa Lindi

Mleta uzi ameuliza kama humu kuna mtu aliyeziona kwa macho yake mbio za magari za East African Safari enzi zilipokuwa zinaingia Tanzania, na kama ni kweli zilifika Mtwara kama babu yake anavyomsimulia. Mimi niliziona. Nimezaliwa Lindi mjini, sasa naishi Mikindani, na hili ni jambo ambalo sijachoka kulisimulia hadi leo. Mnivumilie wakuu, litakuwa refu.

Nianze na hilo la Mtwara. Utoto wangu wote sikuona hata gari moja la mashindano likipita Mingoyo, wala Mtama, wala Ndanda, na marehemu baba alikuwa dereva wa lori la korosho, barabara hiyo ndiyo iliyotulisha. Lingepita tungejua. Lakini usimwambie babu yako kwamba anasema uongo. Pasaka ilipofika, mbio zile zilikuwa zinaingia Kusini kwa njia ya redio. Sisi Waislamu Pasaka haikuwa sikukuu yetu, ila watoto wote wa mtaani tulijua iko wiki gani kwa sababu ya magari. Jioni wazee walikaa barazani, redio katikati, na taarifa ya Safari ilipoanza hata mwenye kete ya bao mkononi alisubiri.

Kwa vijana ambao hawakuwahi kusikia: mbio zilianza mwaka 1953 zikiitwa Coronation Safari, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina la East African Safari lilikuja 1960. Usizifikirie kama mbio za leo, ambapo barabara inafungwa na gari linapimwa kwa vipande vifupi. Barabara ilibaki ya watu wote. Dereva wa mashindano angeweza kukutana na lori la mkonge, kundi la ng'ombe au mtu na baiskeli yake. Gari lilipangiwa muda wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, ukichelewa unalimwa pointi kwa dakika ulizochelewa, na aliyelimwa chache ndiye mshindi. Maelfu ya kilomita, mchana na usiku, na Pasaka inaangukia masika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Mtu akiniambia mbio za siku hizi ni ngumu kuliko zile, namwonyesha hizo namba mbili.

Sasa kwa nini watoto wa Lindi tulizipenda hivyo? Kwanza ni Bert Shankland. Alikuwa Mskochi aliyeishi Tanzania, na pamoja na Chris Rothwell alishinda 1966, akarudi akashinda 1967, mara zote kwa Peugeot 404. Kwetu yule alikuwa mtu wa Dar, basi, ushindi ni wetu. Na 404 tulikuwa tunaiona. Zilikuwepo chache pale mjini na Mtwara, gari za watu wenye nafasi zao, na ikipita tuliikimbilia hadi inatokomea. Pale nyumbani tulitengeneza magari ya mashindano kwa makopo ya samaki na waya, magurudumu tunakata kwenye kandambili zilizokatika, namba ya mlangoni tunaandika kwa mkaa. Ugomvi ulikuwa nani awe Shankland. Njia yetu ilishuka kilima kuelekea baharini, na kabla ya kuanza tulimwaga maji kwenye vipande fulani ili pawe na tope, maana Safari bila tope kwetu haikuwa Safari.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka kulisema. Sisi watu wa Kusini tope tulilijua. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, kwenda Dar kwa gari ilikuwa lazima uvuke Rufiji kwa pantoni, na masika ikikolea barabara inajifunga, mikoa miwili inabaki ikitegemea meli. Hata huku ndani, kipande cha Mbwemkuru au cha kwenda Liwale kilikuwa kinalaza malori siku kadhaa. Niliposafiri na baba nilimwona anavyofanya. Akifika penye tope hata siku moja hakuingia moja kwa moja. Anazima injini, anavua viatu, anakunja suruali, anaingia mwenyewe kwa miguu na fimbo, taratibu, anachoma chini kila hatua, utingo nyuma yake anachomeka matawi pale palipo pagumu. Aliniambia, "Tope usiliulize kwa gurudumu, liulize kwa mguu." Akitoka humo anakaa kwenye usukani, anaweka gia ya pili, na hagusi tena gia mpaka ng'ambo. Ukibadilisha gia katikati umekwisha, lori linasimama na kuanza kuzama.

Nilipokwenda kusoma mkoa wa Tanga ndipo nilipoziona mbio kwa mara ya kwanza. Zilipita milima ya Usambara, na sisi wanafunzi tulipanda kwa miguu hadi juu ya Soni tukakaa kwenye ukingo wa barabara usiku kucha, mvua ya manyunyu, baridi ambayo mtu wa pwani hana nguo yake. Kilichokuja mwanzo kilikuwa sauti. Unaisikia ng'ambo ya bonde, inapotea nyuma ya mlima, unadhani imeenda zake, halafu inatokea karibu zaidi, na mwanga wa taa unapita juu ya migomba kabla hujaona gari lenyewe. Watu wanapiga kelele, "Linakuja! Linakuja!" na wazee wanawavuta watoto nyuma.

Mbele yetu palikuwa na bwawa la tope jekundu, upana wa barabara nzima, chini ya kona. Gari la kwanza lilikuja kwa kasi sana, sijui ni la nani, likaingia na kuzama hadi kwenye bampa. Harufu ya klachi iliyoungua ilitufikia pale juu. Watu walishuka kusukuma, na mimi nikiwemo, tukasukuma hadi likatoka, na magurudumu yakatupaka wote tope kuanzia kichwani. Hakuna aliyekasirika. Wale jamaa waliinua mkono, wakaenda.

Kisha ikaja Peugeot 404. Ikapunguza mwendo, ikasimama kabla ya tope. Mlango wa kushoto ukafunguliwa, msoma ramani akashuka na tochi, akaingia ndani ya tope kwa miguu yake, maji ya matope yakapita juu ya vifundo. Akapapasa kwa kiatu upande wa kulia, akatikisa kichwa. Akaenda kushoto, akakanyaga ukingo wenye majani, akakanyaga tena, akainua tochi na kuonyesha. Dereva akapandisha magurudumu ya kushoto juu ya ukingo ule, gari likalala upande kiasi kwamba nilidhani litapinduka, likapita taratibu kwa sauti moja ya injini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bila kubadilisha gia. Yule mwenzake akakimbilia mlango, wakaondoka. Haikuchukua hata dakika mbili.

Wakuu, nilisimama pale mwili unasisimka. Nilikuwa nimemwona baba. Watu wale walikuwa wanapigania kikombe mbele ya dunia nzima, na ujuzi wao ulikuwa ule ule wa dereva wa lori la korosho ambaye hakuna gazeti lililowahi kuandika jina lake. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema Safari ilikuwa mbio za kasi, najua hajawahi kusimama kando ya tope usiku.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni 1972, kwa sababu safari hiyo mbio zilianzia Dar es Salaam na kumalizikia hapo hapo. Nilikuwa Dar tayari, nakaa kwa mjomba Magomeni. Mjomba alikuwa na msimamo ambao karibu wazee wote wa wakati ule walikuwa nao: mgeni kutoka Ulaya hawezi kushinda Safari. Na historia ilikuwa upande wake. Tangu 1953 washindi wote walikuwa watu wanaoishi Afrika Mashariki. Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda 1965 kwa Volvo, Edgar Herrmann alishinda 1970 na 1971 kwa Datsun, na mabingwa wa Ulaya walikuwa wanakuja na magari mazuri na kuyaacha njiani. Mwaka ule Ford ilileta Escort RS1600, na mmoja wa madereva wake alikuwa Mfini, Hannu Mikkola, na msoma ramani wake Gunnar Palm wa Sweden.

Jina la Palm mjomba alilijua. Ndiye aliyekuwa na dereva wa Sweden, Erik Carlsson, mwaka 1964 kwenye Saab ndogo ambayo ilikwama kwenye tope, hakuna wa kuwavuta, wakaamua kuipindua, ikabiringika hadi pakavu, wakaendelea na mbio na kushika nafasi ya pili. Watu hawakuamini, ikabidi wairudie mbele ya waandishi wa habari. Mjomba alisema, "Huyo Palm ndiye wa kuogopwa. Huyo ameshakula tope letu." Na kweli, walishinda. Mikkola na Palm wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuichukua Safari, na nyuma yao akaja Sobiesław Zasada wa Poland na Porsche.

Nilikwenda kuyaona magari yaliporudi mjini. Umati ule sijawahi kuuona tena kwa jambo la michezo isipokuwa Simba na Yanga. Nilijipenyeza hadi karibu na moja, Datsun, taa moja ya mbele imebaki tundu tupu, mlango umefungwa kwa kamba ya katani, na ndani ya kingio cha gurudumu tope limekauka tabaka juu ya tabaka. Si rangi moja. Kulikuwa na jekundu, chini yake jeusi, chini yake jivu. Mzee mmoja, nadhani alikuwa fundi, alikuwa akiwaonyesha watu kwa kidole: hili la milimani, hili la mbugani. Aliisoma safari nzima pale bila kuuliza mtu. Watoto walikuwa wanabandua vipande na kuweka mfukoni.

Tulizungumza habari hizo siku chache tu. Tarehe 7 Aprili Mzee Karume akauawa kule Zanzibar, na hapakuwa na mtu aliyetaka tena kusikia habari za magari. Kwangu mimi mambo hayo mawili hayatenganiki. Nikikumbuka Escort ya Mikkola, nakumbuka na ukimya wa Ijumaa ile.

Mwaka uliofuata ulikuwa na matokeo ya ajabu: Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wa Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa kabisa za adhabu, akapewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kulimwa pointi ya kwanza. Baada ya hapo mafuta yakapanda bei, baadaye sisi huku tukakatazwa kutembeza magari binafsi Jumapili mchana, na kufikia katikati ya miaka ya 70 Safari ikawa ya Kenya peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika 1977. Wakenya waliitunza, na najua ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 kule Naivasha. Naitazama kwenye simu ya mjukuu. Magari ni mazuri, madereva ni hodari, nawaheshimu.

Mleta uzi umeuliza mwishoni kama mashindano ya namna ile yangewezekana huku kwetu leo. Yanawezekana, na ningependa niyaone kabla sijaondoka. Lami imefika sehemu nyingi, namshukuru Mungu kwa hilo, wagonjwa wanafika hospitali. Lakini uwanda wa Makonde una njia za mchanga kuzunguka Newala ambazo zitamtoa dereva jasho hata kiangazi, na Nachingwea kwenda Liwale mwezi wa tatu udongo ni ule ule aliokuwa akiupima baba kwa fimbo. Kama humu kuna mtu wa vyama vya mbio za magari, aje masika, nitamtembeza mwenyewe kipande kwa kipande. Chakula ni juu yangu, ming'oko na samaki wa Mikindani. Na wewe muulize babu yako ile redio waliyokuwa wakisikiliza ilikuwa barazani kwa nani, maana inawezekana kabisa tunafahamiana.